Karata za Mjomba Akonaay Hazipindwi

Dongobesh,
2 Septemba 2002

Mpendwa mpwa wangu Brightness,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ng'ombe wazima, mke wangu Marieta ndiye anakohoa kidogo. Wewe na kazi ya ofisini mnaendeleaje?

Nimesikia mmeandaa mashindano ya karata Babati kusherehekea mkoa wetu mpya, na wewe ndiye katibu. Vizuri. Ila mwenyekiti wako ametunga sheria ya ajabu, eti mpinzani achange karata zako kabla hazijagawiwa. Zangu, hapana. Nilizinunua Arusha mwaka ule vitu vya nje vilipoanza kujaa madukani, na mpaka leo zinateleza kama samaki. Nazipangusa kwa kipande cha kanga, nazipaka poda kidogo, nazilaza kwenye kopo. Hao vijana wenu huzipinda kama upinde ili zilie prrr. Karata ikivunjwa mgongo imekufa hiyo.

Mimi nachanga kwa kupapasa. Siku moja pale Bashay nilichanga kwa kasi, upepo wake ukapoza chai mezani. Muulize Yoakimu, ndiye aliyeinywa.

Badilisheni sheria.

Mjomba wako,
Akonaay

Babati,
9 Septemba 2002

Shikamoo mjomba,

Sisi hapa wazima. Mpe pole mama Marieta.

Sheria haibadiliki. Nilisimama kukutetea kikaoni, wakacheka. Mzee Gidahosh, yule mfugaji wa Hanang aliyewafunga wote wa Katesh, alisema mtu asiyetaka karata zake ziguswe ameziwekea alama. Sasa hapa wanakuita Akonaay wa Alama. Jina lako nililiandika mimi, mjomba. Usipokubali zichangwe litafutwa, na maneno hayo yatabaki. Nunua pakiti mpya, nakuomba.

Mpwa wako,
Brightness

Dongobesh,
15 Septemba 2002

Mpwa wangu,

Marahaba. Marieta amepona.

Mimi niweke alama? Mimi niliyemfunga mzungu wa mashamba ya ngano mpaka akanivulia kofia akasahau kuivaa tena? Ninayo mpaka leo.

Sinunui pakiti mpya. Nakuja na zangu. Huyo mfugaji atazigusa kwa kuwa ndiye aliyesema zina alama, lakini nakuja pia na beseni na sabuni. Mtu ametoka kushika siagi, halafu ashike karata zangu? Siagi ikiingia haitoki. Asiyenawa hagusi, hata awe mwenyekiti wako.

Mjomba wako,
Akonaay

Babati,
30 Septemba 2002

Shikamoo mjomba,

Natumaini ulifika salama, maana uliondoka bila kuniaga.

Nilikuwa nataka kujificha chini ya meza ulipotoa lile beseni. Watu wanacheka, mwenyekiti anasema umekuja kuwadharau wafugaji. Kumbe mwenyewe Mzee Gidahosh ameshainuka. Akakunja shuka, akanawa mpaka viwikoni, akajifuta. Alizichanga bila kuzipinda, akizipapasa moja moja kama anatafuta kupe. Kisha akasema, "Hazina alama. Huyu anazipenda tu."

Nikajua sasa utacheza. Wewe ukazirudisha kwenye kopo ukatoka, hujacheza hata mkono mmoja. Kwa nini, mjomba? Kombe amechukua kijana wa hapa hapa. Beseni lako mwenyekiti amelikalia, anasema kuanzia sasa kila mchezaji atanawa.

Mpwa wako,
Brightness

Dongobesh,
11 Oktoba 2002

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wote wazima, na mvua imeanza.

Hukusikia mwenyekiti wako alivyosema baada ya mzee kumaliza? Alisema, "Haya, tumekuruhusu." Mimi siruhusiwi. Nilikuja kusafisha jina langu, likasafika, nikarudi nalo nyumbani. Beseni nimewaachia mjifunze usafi. Kombe lenu sina haja nalo, nasikia ukitilia maji linavuja.

Jana Mzee Gidahosh alishuka hapa Dongobesh na kibuyu cha maziwa. Anasema hakutoka Hanang mpaka Babati ili acheze na watoto. Amenawa bila kuambiwa. Tumecheza tangu asubuhi, na hata Marieta ameacha kutuita tule. Nani anaongoza usiniulize. Ukiulizwa huko, sema ni mjomba.

Niishie hapa. Amemaliza kuchanga, ananisubiri nikate.

Mjomba wako,
Akonaay