Mjukuu Amenyimwa Jina Langu

Marika, nimetoka kanisani sasa hivi. Mtoto si Kaliroi.

Nakwambia si Kaliroi. Padri kauliza jina, mama wa ubatizo kajibu, "Melina." Na Thanasi wangu, aliyekula kuku kwangu juzi akaniahidi kuwa binti yake atarithi jina la bibi mzaa baba kama desturi, anatazama viatu vyake.

Mkewe, si unajua anaimba opera, akaninong'oneza: "Mama, jina lako nimelisoma na kuliimba. Kwenye riwaya ya kale Kaliroi anazikwa hai, kwenye opera anapelekwa madhabahuni achinjwe. Nimpe mwanangu mkosi huo?"

"Ni kweli, mama," Thanasi akasema. Thanasi huyohuyo, Marika!

Nikamjibu: "Mimi Kaliroi nina miaka sabini na minne, na hakuna aliyewahi kunichinja, ila ninyi leo asubuhi."