Televisheni ya Rangi ya Bi Mwanakhamis

Jumanne, 14 Oktoba

Nimechoka, na si kwa kuinua wazee. Nimechoka kwa kunyamaza.

Leo daktari alikuja kumpima akili Bi Mwanakhamis, mmoja wa wakazi wa nyumba ya wazee ninayofanyia kazi huku ughaibuni. Kiingereza kimeshamtoka kwa uzee, kwa hiyo nikaitwa mimi kutafsiri. Akaulizwa habari za ujana wake.

"Nikiimba taarabu kwenye televisheni," akasema. "Unguja, miaka ya sabini. Nimevaa kanga nyekundu na watu wakiiona nyekundu. Ya rangi, mwanangu!"

Nilipotafsiri, daktari alitabasamu, akaandika kwamba amechanganyikiwa. Hata mimi nilidhani anaota. Kesho wataamua kama ahamishiwe ghorofa ya juu, ambako mlango hufungwa kwa nje.

Jioni nimemhadithia mama. Akaacha kukoroga mchuzi.

"Amechanganyikiwa nani? Unguja tulikuwa nayo ya rangi, Bara hawana hata ya nyeusi na nyeupe! Bibi yako akenda kuitazama na mtaa mzima. Na wewe ukanyamaza?"

Nikaenda kutafuta kalamu.

Zamu yangu inaanza saa moja asubuhi. Maneno ya kumwambia daktari nimeyaandika kiganjani, maana nikiogopa, Kiingereza hunitoka na mimi.