Mkanda wa Mateke Sebuleni Kwetu

Jumamosi

Kwa nini umeme leo haukukatika, siku zote unakatika!

Jioni majirani walijaa sebuleni kutazama mkanda wa Kithai, ngumi na mateke mwanzo mwisho. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza. Baba akaniita mbele yao wote, "Njoo utusomee, mwanangu. Kidato cha tatu huyu!"

Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilipouzwa naye akapunguzwa, kiinua mgongo chake kiliishia kwenye ada yangu. Jumatatu anakwenda Dakawa kulima mpunga wa watu ili nisifukuzwe shule.

Nilishika neno moja moja tu. Aibu ikanibana, nikaanza kutunga. Shujaa alipopiga magoti mbele ya bosi wa majambazi nikasema, "Anaomba msamaha. Wamepatana." Hapo hapo shujaa akamrukia bosi, akamshindilia kiwiko cha utosi.

"Kumbe Thailand ndivyo wanavyopatana!" akasema Mama Shomari, jirani yetu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Baba hakucheka. "Maandishi yanapita haraka, jamani. Mwacheni mtoto."

Walipoondoka akazima deki ya video, akabaki ameinama pale pale.

"Na darasani, mwanangu? Yanapita haraka hivyo hivyo?"

Nilitaka kusema hapana.

"Ndiyo, baba. Tangu kidato cha kwanza."

Nilingoja anigombeze. Aliingia chumbani, akaendelea kufunga nguo zake za Dakawa. Afadhali angenipiga.