Kuni za Bani

Goweko, Jumatatu

Mdogo wangu Festo,

Huku tu wazima. Mbuzi wa mama amezaa mapacha. Bani la kukaushia tumbaku tumeliwasha, majani yanakauka, ndiyo maana karatasi hii inanuka moshi. Sikupigi simu kwa sababu simu ni ya shemeji yako Ambrosi. Barua hii anakuletea Martha, binti yangu.

Ijumaa ulipokuja kijijini na sare zako za askari wa misitu, ukasema atakayekata mti hifadhini atafungwa, ulisema vizuri. Lakini mdogo wangu, mshahara wako unaingia hata bani letu likizimika. Sisi moto ukikatika, majani yanaharibika na watoto wanakosa ada. Na ada yako wewe ilitoka msitu huohuo. Baba alikata kuni, mimi nikazibeba.

Jana nje ya kanisa wanaume waliyasema hayo wakikucheka. Ambrosi hakucheka. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza siku hizi Festo akienda doria anapita njia gani. Nikamwambia sijui.

Nakusihi, usiingie msituni peke yako. Njia yako ya mtoni usiipite kabisa.

Leo alfajiri Ambrosi ameondoka na shoka. Nilipomuuliza, akasema anafuata kuni. Sasa hivi nimetoka kuangalia bani, Festo. Kuni zimejaa mpaka mlangoni. Zinatosha mpaka tumbaku yote ikauke.

Martha akifika, mrudishe hapohapo na neno lako, nijue upo.

Dada yako,
Eustadia