Kito na ndama jitu

Tunu weee! Shoga yangu, leo nimeaibika hapa Kipalapala, sijui pa kuficha uso.

Yule mtamba wangu Kito kashikwa na uchungu asubuhi, uzao wake wa kwanza. Kwato mbili nje, ndama hatoki! Nikaona nawakosa wote wawili. Nikampigia Zablon, bwana mifugo.

Kufika tu ananiuliza, "Dada Pelagia, ulimpandisha akiwa na miezi mingapi?"

Nikasema kumi na minane. Tena macho makavu!

Mume wangu akadakia, "Kumi na mmoja. Akachagua dume kubwa kuliko yote, akampa na pumba debe zima kila siku ili ndama anenepe."

Debe zima, Tunu! Mbele ya majirani!

Zablon akasema, "Nyonga bado za kitoto, ndama jitu. Atapitia wapi?"

Akazifunga kamba zile kwato za ndama, tukawa tunavuta watu wanne kila Kito anapojikaza. Nililia kuliko ng'ombe mwenyewe. Ndama katoka, yu hai!

Nikapiga magoti nimwombe Kito msamaha. Akanitandika teke, nikakaa kwenye matope.

Zablon akacheka, "Huyo mzima kabisa."