Asidi ya Ishirini na Nane

Muaither, Doha

Baba Mwende,

Wiki ya Pasaka tulipoteza jina la duka letu la betri, hata kama mlango bado unaufungua kila asubuhi. Nimeanza na hilo, sasa salamu. Hujambo? Kifua cha Mwende kimepoa? Mimi ni mzima. Nashinda nimesimama langoni mwa jengo la watu, kwenye joto la kulainisha soli, jioni basi la kampuni linaturudisha kulala.

Kioko, yule dereva wa nyanya, ndiye aliyenipigia. Ulimjazia betri mpya asidi, ikawasha taa, lakini alipofika Emali na mzigo ikashindwa kuzungusha injini. Akaniuliza kwa upole uliouma kuliko matusi: "Mama Mwende, siku hizi mnauza asidi ama maji ya kunawa?"

Nilipokupigia hukukana. Ulisema ulikuwa na asidi hafifu ya ishirini kwa mia, ukaongeza ile kali ya sitini. "Ishirini na sitini, katikati ni arobaini. Sasa kelele ni za nini?" Nikauliza ulipima kilo ngapi ngapi. Ishirini za hafifu, tano za kali. Namuli, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa akisikia. Akasema, "Nyabo," yaani mama kwa kwao, "huyo bwana akitia kikombe cha maziwa kwenye ndoo ya maji, atasema ni nusu kwa nusu?" Chumba kizima kikacheka. Mimi sikucheka.

Katikati inapatikana vipimo vikiwa sawa tu. Kilo ishirini za hafifu zina asidi yenyewe kilo nne. Tano za kali zina tatu. Hizo ni saba ndani ya kilo ishirini na tano: ishirini na nane kwa mia. Betri inataka kama thelathini na sita. Kwa kila kilo tatu za hafifu ulitakiwa kutia mbili za kali, polepole, halafu upime kabla ya kuuza. Nilikuonyesha kabla sijasafiri, ukasema nahesabu kama karani.

Hesabu mbaya ningeisamehe, inarekebishwa. Lakini Kioko ameniambia ulichowaeleza pale stendi: eti mtungi wa asidi niliuacha mimi, nikiwa nimeshauharibu, wewe ulimimina tu. Ubao wa duka una jina langu. Duka nililianza mimi na chaja moja ya kukodi, wewe ukiliita mchezo. Nikirudi nitashika kazi gani, ikiwa kila dereva anajua ni Mama Mwende aliyemuuzia maji?

Nisalimie mama yako anayetulelea mtoto, na dada yangu fundi cherehani. Mwambie kitambaa alichoniagiza nimekiona.

Ijumaa sina zamu. Nitapiga saa kumi jioni, na usinianzie habari za mvua. Utasimama stendi mbele ya Kioko na wenzake useme asidi uliichanganya wewe? Ndiyo au hapana.

Mkeo,
Mama Mwende