Mchumba Wangu Amewafungia Wateja Ndani ya Ukurasa

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu kutoka Kisii mjini, nami naomba msaada wako haraka maana mambo yamenifika hapa shingoni, na tafadhali badilisha majina yetu yote ukiichapisha barua hii kwa sababu mji wetu ni mdogo na midomo ni mingi.

Mimi ni karani katika duka la Mzee Gopal, ambaye huuza vinyago na mabakuli ya mawe laini yanayochongwa kule Tabaka hadi ng'ambo, na mwaka jana, yaani 1998, alipotaka duka liwe na ukurasa kwenye intaneti nikamletea mchumba wangu Duncan, ambaye alisomea kompyuta Nairobi na ni fundi kwelikweli, akautengeneza na picha zikapendeza na sote tukafurahi, kumbe furaha ilikuwa ya muda. Shida ni kwamba mteja akishaingia hatoki. Anaona bakuli, analibonyeza, na kabla bakuli halijafunguka anapitishwa kwenye ukurasa mtupu ambao macho hayawahi kuuona, Duncan aliuweka pale uhesabu wageni, na huo unamsukuma mbele hadi kwenye bakuli, sasa akibonyeza kitufe cha kurudi ili atazame mengine anaangukia ule ukurasa mtupu, nao unamsukuma tena kwenye bakuli lile lile, akirudi anasukumwa, akirudi anasukumwa, mpaka anazima kompyuta kwa hasira. Na si hilo tu, akiinakili anwani ya bakuli hilo ampelekee mwenzake, mwenzake akiifungua anatupwa mlango wa mbele kwenye picha ya duka, aanze kutafuta upya, kwa sababu Duncan hataki mtu aingie kwa dirisha, ndivyo anavyosema.

Mama mmoja wa Norway alitaka bakuli lenye samaki la kumzawadia dada yake siku ya harusi, naye alitaka mama yao alione kwanza, lakini huyo mama yao kila akiifungua anwani aliyopelekewa anamwona Mzee Gopal amesimama mlangoni mwa duka akitabasamu, akaandikiana na binti yake na binti akatuandikia sisi tena na tena, mwisho akasema basi, amenunua glasi kwingine. Mzee Gopal alipoisoma hiyo barua pepe aliniita, na nilipomweleza kwamba Duncan anasema aliiga mtindo wa duka letu, maana kwetu mteja hatoki bila kunywa chai, mzee alipandwa na hasira.

"Chai mimi napatia yeye," akasema. "Lakini mlango sijafunga! Mteja nataka toka, wacha toka. Kesho narudi na ndugu yake."

Nilimpelekea Duncan maneno hayo kwa upole kabisa, naye akanijibu, "Hiyo kitu iko sawa, Persis. Ni nyinyi mnabonyeza vibaya. Hata hao wazungu wako hawajui kompyuta." Nikimrudisha kwenye habari ya mama wa Norway ananianzishia hadithi yote upya, jinsi alivyosoma kwa taabu, jinsi nisivyomheshimu mbele ya watu, mpaka nasahau nilikuwa nimeuliza nini.

Sasa Mzee Gopal ameita fundi mwingine kutoka Nairobi, anakuja wiki ijayo, na neno la siri la kuufungua ukurasa ninalo mimi kwa kuwa ndimi ninayebadilisha picha, mzee anataka nilitoe, naye Duncan ameapa kwamba nikilitoa hakuna harusi Desemba, na ng'ombe wa mahari wameshafika kwetu Suneka, baba anafikiria hata kuuza mmoja anunue mabati. Nampenda Duncan, si mtu mbaya, halewi wala hajawahi kuniinulia mkono, na ninaamini tukishaoana atabadilika. Lakini kazi yangu nayo naipenda. Nishike lipi, mshauri, niache lipi?

Ni mimi niliyechanganyikiwa,
Persis, Kisii

Persis,

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, ingawa sioni itakusaidia nini, maana sidhani ukurasa wa aina hiyo uko mwingine kuanzia Kisii hadi Nyamira.

Pole sana. Pole hiyo ni ya dhati, ishike vizuri, kwa sababu yanayofuata sikuyatia sukari.

Nilipoisoma barua yako nilidhani unatia chumvi. Nikaenda kwenye kompyuta ya ofisi, nikaandika anwani uliyonipa, nikangoja mpaka chai yangu ikapoa, ukurasa ukafunguka. Nikabonyeza kinyago cha kiboko. Kiboko mzuri, sina neno naye. Nikataka kurudi nimwone twiga. Kiboko. Nikarudi tena. Kiboko. Mhariri wangu akapita nyuma yangu akauliza kama siku hizi ninalipwa kutazama viboko. Nikaizima mashine nzima, na jibu la msomaji mwingine nililokuwa sijalihifadhi likapotea palepale. Kwa hiyo usidhani ninakujibu nikiwa na moyo mtulivu.

Fundi wetu aliangalia akaniambia kosa hilo si la ajabu, mafundi wengi hulifanya. Ule ukurasa mtupu unatakiwa ujiondoe njiani ukishamaliza kazi yake, ili mteja akirudi arudi alikotoka, na kila bakuli liwe na anwani inayofunguka yenyewe hata kwa mtu ambaye hajapita mlango wa mbele. Ni kazi ya asubuhi moja. Mchumba wako anaiweka harusi rehani kwa kazi ya asubuhi moja, nawe unaniuliza mimi ushike lipi!

Kukosea si dhambi, na Duncan simlaumu kwa kukosea. Lililonikera ni hilo la "mnabonyeza vibaya." Mama wa Norway alibonyeza vibaya, mama yake vilevile, Mzee Gopal naye, na sasa hata mimi. Dunia nzima ina vidole vibovu isipokuwa yeye. Na wewe mwenyewe umeandika, sijui kama uliisoma barua yako kabla ya kuitia bahasha, kwamba kila ukimuuliza jambo anakurudisha mwanzo wa hadithi. Halafu unaniambia mkishaoana atabadilika. Nani alikudanganya? Keki ya harusi haina dawa hiyo ndani yake.

Sasa nisikilize. Neno la siri si lako, wala si la Duncan. Duka ni la Mzee Gopal na ukurasa ni wake. Mpe leo, umpe yeye mwenyewe na si huyo fundi, kisha umwambie Duncan kwa kinywa chako kabla hajaambiwa na watu wa sokoni. Mwombe mzee jambo moja tu: fundi wa Nairobi asiguse kitu mpaka Duncan apewe asubuhi yake moja.

Asubuhi hiyo mkalishe kwenye kiti chako. Mwambie atafute bakuli la samaki, alifungue, kisha akurudishe kwenye mabakuli mengine. Kidole kiwe chake. Wewe simama nyuma yake na usiseme neno. Najua itakuwa vigumu, kwa hiyo uma ulimi.

Akikuna kichwa, akacheka, au hata akaitukana mashine, kisha akaanza kurekebisha, mwandikie mama wa Norway umwombe radhi, halafu nenda ukachague kitambaa cha gauni, nami nitakuombea heri. Lakini akisema ni kitufe, ni laini ya simu, ni wewe uliyemsimamia mgongoni, usibishane naye. Nenda Suneka jioni hiyohiyo, umwambie baba yako mabati yangoje na asiuze ng'ombe hata mmoja, kwa sababu hao nao huenda wakahitaji njia ya kurudi.